Hesabu ya Watu wa Isulu

Kindu, 20 Januari 1896

Dada Mwanahamisi,

Safi, yule mama muuza chumvi, anashika njia ya Pangi kesho kutwa, na amekubali kuificha barua hii ndani ya chumvi yake. Mimi ni mzima. Nimesikia wewe pia ni mzima, na kwamba watu wa Isulu wamekupokea kama binti yao ingawa nusu ya Kirega ulikuwa umekisahau. Katika watoto wote wa kutekwa tuliolelewa nyumba ile ya Kasongo, ni wewe peke yako uliyerudi kwenu. Mimi sijui hata kwetu ni wapi.

Tangu Waarabu washindwe na wazungu, nimekuwa karani wa posti, kituo cha serikali hapa Kindu. Komanda, mzungu mkuu wa posti, anataka kujua idadi ya watu wa kila kijiji, mpaka nyumba na nyumba. Wiki jana tulikwenda kuhesabu upande wa Kailo. Watu walipangwa mstari juani tangu asubuhi. Askari mmoja alipita anawagusa kichwani kwa fimbo, kichwa kwa kichwa, na akifika kwa mzee anamfungua kinywa aangalie meno. Komanda alikuwa amekaa kivulini, anamenya ndizi, maganda anayatupa miguuni pao. Alipokosea hesabu alicheka, akaanza upya. Mama mmoja mjamzito akaanguka. Askari akauliza ahesabiwe vipi, "Huyu njo moja ao njo mbili?" Wote wakacheka, hata mkalimani. Mimi sikucheka, lakini niliandika.

Sitaki waje Isulu hivyo. Nimemwambia komanda kuna mtu Isulu anayejua kuandika herufi zetu za Kiarabu, akubali atume orodha yake. Amekubali. Na amesema kijiji kitakachojulikana watu wake wote kitapewa mkubwa kinayemtaka chenyewe, mwenye nishani ya serikali shingoni, na hakitakuwa tena chini ya mtu wa bunduki yeyote.

Basi wahesabu wewe, dada. Kila nyumba, kila jina. Nitaisoma mimi mwenyewe.

Mdogo wako,
Asumani


Isulu, mwezi wa Shaabani, siku ya ishirini na mbili

Mdogo wangu Asumani,

Barua yako ilifika ina ladha ya chumvi. Niliwasomea watu wote uwanjani. Hapo mwanzo hawakutaka. Kwetu hapa muntu hahesabu watu kama vile hahesabu mimba. Anaogopa asije akaipunguza. Lakini mzee Lusangi, anayetuamulia mambo yetu, alisema, "Wakija wenyewe watatuhesabu kwa fimbo. Afadhali mutoto wetu atuhesabu kwa kalamu." Ndipo wakakubali.

Nimefanya kazi hii siku nne, na nimeipenda kuliko kazi yoyote niliyopata kuifanya. Naingia nyumbani, nakaa, napewa maji, nauliza majina. Nyumba nyingine wananiambia na maana ya jina. Kwa bibi Kasele nilikaa mchana mzima. Yeye anaishi peke yake. Nikaandika mtu mmoja. Akasema, "Andika na watoto wangu watatu."

"Wako wapi, bibi?"

"Walichukuliwa siku ile uliyochukuliwa wewe."

"Basi hawako hapa, bibi."

"Hata wewe hukuwako, na sasa uko. Andika."

Sikuwaandika, kwa kuwa uliniomba kweli. Amekasirika, hanisalimu.

Tuko watu mia mbili na kumi na wanne. Orodha ndiyo hii, kurasa saba. Nimeandika pia nani mwindaji, nani mhunzi, nani mgonjwa, nani mwana wa nani, ili huyo komanda aone kwamba ni watu. Mtoto wa dada yangu, Wabiwa, ambaye nakaa naye, nimemwandika wa kwanza kwa sababu ndiye aliyenishikia wino. Na mkubwa tunayemtaka ni Lusangi. Wote wamesema hivyo, hata wanaomchukia.

Nina neno moja la kukuuliza, unijibu bila kuzunguka. Wapita njia wanasema Bulaimu ameonekana Kindu. Mimi naomba awe amekufa. Nilikuwa na miaka minane aliponivuta mguu kutoka chini ya kitanda cha mama. Nyumba ilikuwa inaungua nyuma yake, na yeye ananukia mafuta ya nyonyo aliyopaka ndevu. Mpaka leo nikiyasikia mafuta hayo natapika. Niambie amekufa.

Dada yako,
Mwanahamisi


Kindu, 28 Februari 1896

Dada,

Orodha imefika salama na komanda ameifurahia sana. Hajapata kuona orodha kama hiyo, amesema hata Ulaya wangeisifu. Imegeuzwa kwa herufi zao neno kwa neno.

Habari za mkubwa wenu zitakuja baadaye. Mambo ya serikali yanakwenda taratibu, msiwe na haraka.

Huyo uliyemtaja, sina habari zake. Kindu imejaa watu siku hizi, sura ni nyingi.

Tuko katika Ramadhani na joto ni kali, kwa hiyo sitaandika zaidi. Nakutumia nguo mbili na sindano. Moja ni ya Wabiwa.

Asumani


Isulu, mwezi wa Mfunguo Mosi, siku ya kumi na tano

Asumani,

Alikuja siku ya tatu baada ya Idi. Bulaimu. Koti la buluu lenye vifungo vya shaba, nishani kubwa kama sahani kifuani, na bunduki arobaini nyuma yake. Amenenepa. Mafuta ni yale yale.

Alikuwa na nakala ya karatasi zangu, kwa herufi za Kiarabu, kurasa zote saba. Kijana wake mmoja anayejua kusoma alisimama uwanjani akaita majina kwa mpango ule ule niliouandika mimi, nyumba kwa nyumba. Hakukuwa na mahali pa kujificha. Mtu akikimbilia msituni anaitwa mke wake, maana nimeandika ni mke wa nani. Mhunzi akisema yeye si mwindaji wala mpanda miti, wanasoma: umri huu, mzima, ana nguvu. Niliyemwandika mgonjwa walimwendea kitandani wakamkanyaga tumbo waone kama ni kweli. Ilikuwa kweli.

Kisha akasema kila mwanaume ataleta kikapu cha mupira, ule utomvu wa msituni wanaoutaka wazungu, kila mwezi mara mbili, na ili wasichelewe, wanawake ishirini na sita watakaa kwake Pangi mpaka vikapu vijae. Akaanza kuita kutoka juu ya orodha. Jina la kwanza lilikuwa la Wabiwa.

Bulaimu hakunitambua. Hilo linanichukiza kuliko yote. Alichoma nyumba yetu, akanitembeza kwa kamba mpaka Kasongo, na hakumbuki uso. Alinisikia namsihi akasema, "Wewe mama, umejifunza wapi Kiswahili kizuri namna hii?" Halafu akainua zile karatasi. "Njo wewe umeandika? Kazi nzuri. Vijiji vingine vinanisumbua sana, watu wanakimbia. Hapa iko kazi nyepesi." Akanipa mkono. Mkono ukanishika, Asumani. Ulikuwa laini na umelowa. Nimeusugua kwa majivu na mchanga mpaka ngozi imetoka, bado nausikia.

Na alipotaka watu waamini kwamba yeye ndiye mkubwa wao, alitoa karatasi ya serikali, juu herufi za wazungu, chini herufi zetu. Akanipa mimi niwasomee. Nilikaa nawe ubao mmoja miaka sita. Naujua mwandiko wako kama ninavyoujua uso wako. Herufi yako ya kafu inalala chali siku zote, mwalimu alikuchapa kwa ajili hiyo. Tarehe iliyo chini ni siku kumi na nane kabla ya ile barua uliyoniambia huna habari za Bulaimu.

Nilienda Pangi kumwona Wabiwa. Wanawake wamefungiwa ndani ya ua wa miti usio na paa, wanajisaidia pale pale wanapolala. Harufu inakufikia kabla hujaona ua. Walinzi wanakula huku wameupa ua kisogo, si kwa aibu, ni kwa ajili ya inzi.

Nguo zako nimewaachia wafunikie mashimo ya kinyesi. Wewe usiniite dada.

Mwanahamisi


Kindu, 9 Aprili 1896

Mwanahamisi,

Nitakuambia kama ilivyokuwa, na sitaweka neno la kujitetea.

Bulaimu alikuwa ndani ya posti siku niliyokuandikia barua ya kwanza. Alikuwa anakunywa na komanda barazani. Nilijua anautaka ukubwa, ila sikujua wa wapi. Orodha yako ilipofika nilimwambia komanda, "Watu wa Isulu wote wamemtaka Lusangi."

Akauliza, "Lusangi iko na bunduki ngapi?"

"Hana."

"Na Bulaimu?"

"Arobaini."

"Basi," akasema, akarudi kwenye kuku wake. Alikula mpaka mifupa, akajipangusa vidole kwenye karatasi iliyokuwa karibu, na ile karatasi ilikuwa ukurasa wako wa tatu. Akaniambia niandike hati ya Bulaimu. Nikaiandika. Baadaye nilikwenda nyuma ya ghala nikanawa mikono, nikarudi kuiandika nakala.

Kwa nini nilikudanganya? Kwa sababu nina nyumba ya udongo yenye mlango wa mbao, na askari wananiita bwana. Nimezoea kuitwa bwana. Nilidhani ukikaa bila kujua, jambo lenyewe litakuwa halijatokea. Sina sababu nyingine iliyo nzuri kuliko hiyo. Nimeitafuta.

Bulaimu anakuja hapa kila mwezi kuleta mupira. Ananiita ndugu yake. Juzi ameniletea mbuzi. Nilimpa Safi amuuze mbali, siwezi kumla.

Jambo moja nalijua ambalo huenda likakufaa. Kijiji kimoja upande wa Kailo kiliingiwa na ndui mwaka jana. Komanda alikikata kwenye daftari siku ile ile na kupiga marufuku askari kupita hapo. Wazungu wanaogopa ndui kuliko mishale, na Bulaimu anaiogopa kuliko wazungu, kwa sababu ilimmalizia watoto. Kalamu ya daftari iko mkononi mwangu. Niambie niandike nini, nitaandika.

Asumani


Isulu, mwezi wa Mfunguo Pili, siku ya kumi na tatu

Kwa karani wa posti ya Kindu,

Sikuandikii kama ndugu. Naandika kwa sababu hakuna mwingine mwenye kalamu hiyo.

Tumelizungumza uwanjani, watu wote. Kuna mti msituni utomvu wake unachoma ngozi na kuotesha malengelenge usoni na mikononi. Kila mtoto wa hapa anakatazwa kuugusa. Niliupeleka Pangi ndani ya kibuyu, chini ya chakula cha Wabiwa. Wanawake wakapakana. Ilikuwa maumivu makubwa na Wabiwa anaweza asipone jicho moja. Siku ya pili mlinzi alipofungua ua akaona nyuso, akaacha mlango wazi akakimbia. Bulaimu hakukaribia. Alisimama mbali, kitambaa puani, anapiga kelele watolewe, watolewe. Waliwasukuma nje kwa miti mirefu kama mtu anavyosukuma mzoga. Usiku ule ule ameondoka Pangi. Atakuwa kwenu kabla ya barua hii.

Sasa sikiliza. Atasema Isulu ina ndui. Usimkane, mshuhudie. Sema umesikia kwa wafanyabiashara pia. Kisha tukate wote. Andika kwamba Isulu imekufa.

Ila wawili kati ya wale ishirini na sita walikufa kweli, ndani ya ua, kwa njaa na kuhara, kabla sijafika na kibuyu. Ni Mwangaza, mke wa mhunzi, na Itongwa, aliyekuwa hajaolewa. Hao wawili usiwaandike ndui. Sijui utaandika nini mahali ambapo komanda anasoma, lakini usiwaandike ndui. Walikufa kwa karatasi yangu na hati yako.

Nyumba tutazichoma sisi wenyewe kesho. Nilitegemea kuona moto huo mara moja tu maishani. Tunaingia msituni, mwendo wa siku nyingi, na njia sikuambii. Bibi Kasele amekataa kubebwa, anatembea kwa miguu yake mbele ya wote.

Mwanahamisi


Imeandikwa palipokuwa Isulu, 22 Mei 1896

Mwanahamisi,

Safi ameniapia kwamba anajua wa kumpa barua hii, na kwamba huyo anajua wa kumpa. Sikumwuliza zaidi.

Ilikwenda kama ulivyosema. Bulaimu alifika amejifunika mdomo, hakutaka hata kushika kikombe cha mtu. Komanda akaniuliza, nikashuhudia. Akaniamuru nikate jina moja moja. Siku mbili nzima nilikaa na kurasa zako, naandika mbele ya kila jina: ndui, ndui, ndui. Majina mia mbili na kumi na mawili. Nilipofika kwa mzee Lusangi na kwa bibi Kasele ilikuwa kana kwamba nawafunga sanda. Na jina lako nililikata mimi. Kwa Mwangaza na Itongwa niliandika kwa herufi zetu: wamefia uani kwa Bulaimu kwa njaa. Mkalimani aliruka pale. Sijui kama hakuona au aliona.

Nilidhani imekwisha. Komanda akachukua kalamu yake akapiga hesabu. Vikapu vya Isulu, akasema, haviwezi kupotea tu. Akavigawa juu ya vijiji vitatu vya jirani zenu, na Bulaimu akapewa hivyo vitatu badala ya kimoja. Alitoka pale ana furaha kuliko alivyoingia. Na hati ya hayo, aliyeiandika ni mimi. Niliiandika huku najiambia kwamba nikikataa watajiuliza kuhusu Isulu. Hiyo ni kweli. Imeninuka hata hivyo.

Kisha nikatumwa mimi huku, na askari wawili, nihakikishe vifo vya Isulu na kutoka hapa niende kuhesabu vile vijiji vitatu, majina yote, kama ile orodha nzuri ya yule mama. Askari wamebaki ng'ambo ya mto kwa hofu. Nimekuja peke yangu. Nimekaa kwenye majivu nusu siku.

Sitakwenda kuhesabu. Nimemwandikia komanda barua fupi, nitawarushia wale askari wampelekee. Inasema ndui imefika pia kwenye vile vijiji vitatu, na kwamba mimi mwenyewe nimeona vipele kifuani, wasinisubiri. Atalipeleleza siku moja, lakini si mwezi huu wala ujao. Bulaimu kwa hofu yake hatasogea.

Basi karani wa Kindu hayuko tena. Mimi niko pembeni mwa msitu wenu, sina kwetu, na mlango wangu wa mbao amekwisha kuuchukua mtu mwingine. Naomba nije mliko. Nitalima, nitabeba maji, nitakaa nyuma ya nyumba ya mwisho. Sitashika kalamu tena. Nikubalie, dada. Nimeliandika neno hilo bila ruhusa yako.

Asumani


Mwezi wa Mfunguo Tatu. Mahali sikuandikii

Asumani,

Barua yako imenifikia. Nimeisoma mara nyingi kabla ya kujibu, na nimeisoma peke yangu.

Usije.

Wanawake wa uani wanalijua jina lako. Niliwaambia mimi, wakati wa hasira yangu, nani aliandika hati ile. Mhunzi analijua pia. Wabiwa anaishi, jicho limekufa, na kila asubuhi nikimnawisha uso naona kazi yetu sisi wawili. Siwezi kukaa kati yako na yeye. Nimejaribu kuwaza jinsi nitakavyokuonyesha pa kulala, na nimeshindwa, ingawa naamini umefanya ulilosema. Vyote viwili ni kweli kwa wakati mmoja.

Lakini umesema hutashika kalamu tena, na hilo silikubali. Vile vijiji vitatu havina mtu wa kusoma. Hawajui kama wamekwisha kuwa wagonjwa kwenye karatasi. Nenda kwao. Waambie wafanye nini na nyuso zao kabla mtu hajaja kuangalia, na utomvu usifike machoni, waambie hilo kwanza. Waambie kwamba vikapu walivyoongezewa ni vyetu. Wakikupiga, wana haki. Wakikuacha, kaa hapo, na karatasi yoyote ya serikali ikifika wasomee kama ilivyo, bila kuificha na bila kuipamba.

Safi atajua ulipo, na mimi nitajua kwa Safi. Usiniandikie.

Jana uwanjani waliniuliza habari za Kindu, maana wanajua barua imekuja. Niliwaambia karani wa komanda amekufa. Hakuna aliyeuliza kwa ugonjwa gani.

Mwanahamisi